Maumivu ya Wayo na Vidole vya Mguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akiumwa wayo huuliza kwanza atumie dawa gani. Majibu ya hapa yanaanzia kwingine: panauma wapi hasa, na panauma saa ngapi? Mambo hayo mawili yanasema mengi kuliko ukali wa maumivu. Kama una kisukari, anza na sehemu ya mwisho kabla ya kusoma nyingine yoyote.

## Ya kuanzia

Kwa nini wayo huuma kirahisi hivi?

Kila wayo una mifupa 26 na viungo 33, na vyote vinabeba mwili mzima katika eneo dogo lisilo na nyama nyingi ya kuvikinga. Ukiacha ajali, ambayo mwenyewe unaijua, sababu kwa kawaida ni kati ya tatu. Ya kwanza ni kazi iliyozidi ghafla: umeanza mazoezi, umehamia kazi ya kusimama kutwa, au uzito umepanda. Ya pili ni kiatu kisichofaa. Ya tatu ni ugonjwa ulioko kwingine mwilini ambao unajitokeza miguuni. Mara nyingi sababu ni mbili kwa pamoja, na ndiyo maana dawa peke yake humaliza maumivu kwa siku chache tu, kisha yanarudi.

Nawezaje kukisia tatizo langu kabla ya kwenda hospitali?

Kaa chini, vua soksi, kisha bonyeza kwa ncha ya kidole kimoja sehemu mbalimbali za wayo mpaka uipate inayouma zaidi. Kama ni chini ya kisigino na hatua za kwanza za asubuhi ndizo mbaya zaidi, soma kuhusu ukanda wa unyayo. Kama ni nyuma ya kisigino, shuku kano. Kiungo cha kidole gumba kilichovimba ghafla usiku kinaelekea kwenye jongo (gauti). Sehemu ndogo juu ya wayo inayouma kila unapoikandamiza, baada ya wiki kadhaa za kutembea au kukimbia kuliko kawaida, inaweza kuwa ufa wa mfupa. Ukishindwa kuonyesha mahali pamoja, na nyayo zote mbili zinawaka au zina ganzi, tatizo huenda ni la mishipa ya fahamu.

Hii ni njia ya kukisia tu, haichukui nafasi ya vipimo.

Ni wakati gani nisisubiri nyumbani?

Nenda siku hiyohiyo kama huwezi kupiga hatua nne baada ya kuumia, kama kidole au wayo umepinda, kama wayo umekuwa wa baridi na umepauka au kugeuka bluu, au kama wekundu unasambaa na una homa. Nenda pia ukisikia mlio nyuma ya kisigino kisha ukashindwa kusimama kwa vidole. Mguu mmoja ukivimba pamoja na kigimbi kuuma, inawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Ikiongezeka shida ya kupumua au maumivu ya kifua, hiyo ni dharura. Kwa mwenye kisukari, kidonda chochote mguuni kinaingia kwenye orodha hii, hata kiwe kidogo namna gani.

Maumivu mengine unaweza kuyatunza mwenyewe kwa wiki mbili hivi. Yasipopungua, nenda ukaonwe.

## Kisigino

Kisigino kinaniuma nikishuka kitandani asubuhi, halafu kinapoa nikitembea. Ni nini?

Hiyo ndiyo dalili ya kawaida ya tatizo la ukanda wa unyayo, yaani utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi mizizi ya vidole. Ukilala hukaa umelegea. Ukikanyaga ghafla huvutwa, na pale ulipoungana na kisigino panachoma. Baada ya hatua kadhaa maumivu hupungua, kisha yanarudi jioni au ukiinuka baada ya kukaa muda mrefu. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanaosimama sana kazini, wakimbiaji, wenye uzito mkubwa na wenye misuli ya kigimbi iliyokaza.

Habari njema ni kwamba wengi hupona bila upasuaji. Habari ngumu ni kwamba kupona huchukua miezi, wakati mwingine mwaka mzima. Wanaokata tamaa wiki ya tatu na kuhamia tiba nyingine kila mara ndio hukaa nayo muda mrefu zaidi.

Mazoezi yake yanafanywaje?

La kwanza lifanye kabla hujashuka kitandani. Kunja mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole vyake na uvivute kuelekea kwako mpaka uhisi ukanda umekaza chini ya wayo kama uzi wa upinde. Hesabu hadi kumi, legeza, rudia mara kumi. Baadaye mchana, simama ukiegemea ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka na kisigino hakitoki sakafuni. Nyoosha kigimbi kwa nusu dakika, mara tatu.

La tatu ni la kujenga nguvu. Viringisha taulo, liweke chini ya vidole vya mguu, kisha simama kwenye ukingo wa ngazi ukiwa umeshikilia kitu. Inuka polepole kwa sekunde tatu, tulia mbili, shuka kwa tatu. Hili fanya siku moja na kuacha moja. Kuuma kidogo wakati wa zoezi si tatizo, ila maumivu yakiongezeka hadi kesho yake, umezidisha.

Eksirei imeonyesha mwiba wa mfupa kwenye kisigino. Ni lazima uondolewe?

Hapana. Watu wengi wana mwiba huo na hawajawahi kuumwa, na wengine wanaumwa sana bila kuwa nao. Kinachotibiwa ni ukanda, kwa njia zilizoelezwa hapo juu. Ni vibaya kwamba picha hii huwatia watu hofu ya kisu wasichokihitaji.

Vipi kuhusu sindano ya kisigino?

Sindano ya steroidi inaweza kupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, lakini haiponyi chanzo, na ikirudiwarudiwa inaweza kukondesha mto wa mafuta ulio chini ya kisigino au kusababisha ukanda kukatika. Ninavyoona, ni ya mtu aliyefanya mazoezi kwa bidii kwa miezi kadhaa na bado anashindwa kufanya kazi. Isiwe hatua ya kwanza.

Panauma nyuma ya kisigino, juu kidogo. Ni tatizo lilelile?

Ni jingine. Hapo ipo kano kubwa inayounganisha kigimbi na kisigino. Ikizidiwa na kazi huvimba, hukakamaa asubuhi na kuuma ukiibana kwa vidole. Kupumzika kabisa hakuisaidii, kwa sababu kano hupata nguvu kwa kubebeshwa mzigo taratibu. Tiba kuu ni kuinuka na kushuka kwa vidole polepole, kila siku au siku moja na kuacha moja, kwa wiki 12 hivi.

Kama umetumia siprofloksasini au antibiotiki nyingine za kundi lake hivi karibuni, mwambie daktari. Dawa hizo zinaweza kudhoofisha kano hadi ikatike, hasa kwa wenye miaka zaidi ya 60 na wanaotumia steroidi.

## Kidole gumba na mbele ya wayo

Kidole gumba kimevimba ghafla usiku, chekundu, hata shuka siwezi kuivumilia. Ni jongo?

Inaelekea hivyo. Jongo (gauti) hutokea asidi ya yuriki ikizidi katika damu na kuganda kuwa chembe kali ndani ya kiungo. Kiungo cha chini cha kidole gumba ndicho hushambuliwa zaidi. Huwapata wanaume zaidi, na ni nadra kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi. Huchochewa na bia na pombe kali, vinywaji vyenye sukari nyingi, maini, figo na nyama nyekundu kwa wingi, upungufu wa maji mwilini, na baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo. Kurithi na hali ya figo vina uzito mkubwa pia, kwa hiyo kumlaumu mgonjwa kwa ulaji wake tu si haki.

Shambulio hutulizwa kwa kolkisini, dawa za kundi la ibuprofeni, au prednisoloni kwa siku chache; daktari huchagua kwa kuangalia figo, tumbo na magonjwa mengine uliyo nayo. Inua mguu, weka barafu, kunywa maji. Kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja hadi mbili. Lakini kiungo chekundu chenye joto pamoja na homa kinaweza kuwa na usaha ndani, na hilo halisubiri asubuhi.

Nimepima yuriki wakati wa shambulio, ikaonekana ya kawaida. Basi si jongo?

Bado inaweza kuwa jongo. Kiwango huweza kushuka shambulio linapoendelea. Rudia kipimo wiki mbili au zaidi baada ya kupoa. Kipimo cha uhakika ni kuvuta maji ya kiungo na kuzitafuta chembe kwa hadubini.

Alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki, ni lazima niitumie maisha yote?

Kwa anayeshambuliwa mara kwa mara, mwenye mawe ya figo au aliyeanza kupata vinundu vya chembe za yuriki chini ya ngozi, mara nyingi ndiyo. Huanza na dozi ndogo, huongezwa taratibu hadi yuriki ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Miezi ya mwanzo mashambulio yanaweza kuongezeka, na wengi huiacha hapo wakidhani imewadhuru. Daktari huweza kuongeza kolkisini kwa kipindi hicho. Ukishambuliwa ukiwa tayari unaitumia, endelea nayo. Ukipata upele, iache na uende hospitali mara moja.

Nina kifundo kinachochomoza kando ya kidole gumba. Kinaweza kurudi mahali pake?

Hakirudi kwa kamba, vifaa vya kutenganisha vidole wala kwa kukanda. Kiatu kipana mbele na kisicho na kisigino kirefu hupunguza msuguano, na wengi hutosheka na hilo. Upasuaji ni kwa maumivu yanayozuia maisha ya kila siku, si kwa ajili ya sura ya mguu, na kupona kwake ni kwa miezi.

Kidole gumba hakikunjiki juu na huuma nikisukuma ardhi.

Huenda gegedu la kiungo limelika. Kiatu chenye soli ngumu isiyokunjika husaidia kwa namna inayowashangaza wengi.

Nahisi kama nimekanyaga kokoto, nikivua kiatu hakuna kitu.

Hii mara nyingi ni neva iliyobanwa na kunenepa kati ya mifupa ya kidole cha tatu na cha nne. Huchoma hadi kwenye vidole, na hupungua ukivua kiatu na kukanda. Anza kwa kiatu kipana na pedi ndogo inayowekwa nyuma kidogo ya mahali panapouma, si juu yake. Ikishindikana, kuna sindano, na mwisho upasuaji wa kuiondoa neva, ambao huacha ganzi kati ya vidole hivyo.

Eksirei haikuonyesha kitu, lakini juu ya wayo pananiuma mahali pamoja. Nifanyeje?

Ufa mdogo wa mfupa, ule unaotokana na mwendo mwingi badala ya ajali, unaweza kutoonekana kwenye eksirei kwa wiki mbili au tatu za mwanzo. Usiendelee kukimbia kwa sababu picha ni safi. Pumzika, rudia picha, au fanya MRI kama ipo. Wengi hupona kwa wiki 6 hadi 8. Mwanamke anayekimbia sana na ambaye hedhi yake imekoma, au yeyote anayepata nyufa zaidi ya mara moja, achunguzwe lishe na uimara wa mifupa.

## Kucha na ngozi

Ukucha unaingia kwenye nyama. Nikate kona?

Usikate. Kukata kona kunaacha kijembe kidogo kinachochimba zaidi ukucha ukikua. Loweka kwenye maji ya vuguvugu mara mbili hadi tatu kwa siku, kausha, vaa viatu vilivyo wazi, na kata ukucha kwa mstari ulionyooka. Ukiona usaha, au nyama imeota pembeni, mhudumu anaweza kukupiga ganzi, akaondoa ukanda mwembamba wa ukucha na kupaka fenoli kwenye mzizi ili upande huo usiote tena. Ni kazi fupi, na kwa tatizo linalorudi ni bora kuliko kozi za antibiotiki zisizoisha.

Hii ni sugu au chunjua?

Ukibonyeza moja kwa moja pakauma zaidi, fikiria sugu. Ukibana kutoka pande mbili pakauma zaidi, fikiria chunjua, hasa kama kuna vidoti vyeusi ndani na mistari ya ngozi inakatika pale. Sugu husuguliwa kwa jiwe baada ya kuoga, na kiatu hubadilishwa. Bila kubadili kiatu itarudi. Chunjua hutibiwa kwa asidi ya salisili kwa wiki kadhaa, au huachwa iondoke yenyewe. Usikate kwa wembe. Wenye kisukari wasitumie asidi hizo kabisa.

Kati ya vidole panawasha, panachubuka na kunuka.

Ni fangasi. Krimu ya terbinafini au klotrimazoli, na kukausha vizuri katikati ya vidole. Endelea kupaka mpaka kozi iishe hata kama muwasho umekoma.

Ukucha umekuwa mweusi.

Kama uligongwa au ulikimbia mwendo mrefu, ni damu chini ya ukucha. Utakua na kutoka, na ukucha mpya hukamilika kwa mwaka hadi mwaka na nusu. Mstari mweusi uliotokea bila kuumia, unaopanuka au kuingia kwenye ngozi, upelekwe kwa daktari, kwa kuwa saratani ya ngozi inaweza kuanzia hapo.

## Ajali

Nimeteguka kifundo cha mguu. Nipige picha?

Picha inahitajika kama huwezi kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe panauma: ukingo wa nyuma wa vifundo vya ndani na nje, mfupa ulioko katikati ya upande wa ndani wa wayo, au ule unaochomoza katikati ya upande wa nje wa wayo. La sivyo, funga bandeji, inua, weka barafu, na anza kuukanyagia mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kulala wiki nzima bila kuutumia huchelewesha kupona. Mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja ndiyo huzuia kuteguka tena.

Kidole kimevunjika. Kitawekwa hogo?

Kidole kidogo ambacho hakikupinda hufungwa pamoja na jirani yake kwa plasta, pamba kidogo katikati, kwa wiki 4 hadi 6. Kidole gumba ni habari nyingine, kwa kuwa ndicho hubeba hatua. Lazima kionwe na daktari.

Nimekanyaga msumari uliopenya kiatu.

Osha kwa maji mengi na sabuni, kisha uliza kuhusu chanjo ya pepopunda siku hiyohiyo. Tundu dogo hufunga haraka huku vipande vya soli na vijidudu vimebaki ndani, kwa hiyo maumivu yakizidi baada ya siku kadhaa rudi hata kama juu pamekauka.

## Dawa na viatu

Barafu au maji ya moto?

Barafu kwa jeraha jipya, shambulio la jongo na uvimbe, dakika 10 hadi 20 ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Joto kwa misuli iliyokaza. Mwenye ganzi miguuni asitumie chochote kati ya hivyo, maana hatajua anapoungua.

Dawa gani ya maumivu ni salama?

Parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi vizuri kwenye uvimbe, lakini zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Si za kumeza kila siku kwa miezi. Jeli ya diklofenaki inayopakwa inafaa kwa kuteguka, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo.

Nitajuaje kiatu kinanifaa?

Kanyaga karatasi bila kiatu, chora mzunguko wa wayo, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mstari ukitokeza pembeni, kiatu kinakubana hata kama umekizoea. Mbele ya kidole kirefu zaidi (ambacho kwa wengine ni cha pili) ibaki nafasi ya sentimita moja. Jaribu viatu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na chukua kinachotosha mguu mkubwa kati ya miwili.

## Watoto na wajawazito

Mtoto wa miaka 10 anaumwa visigino akicheza mpira.

Kati ya miaka 8 na 14 sehemu ya mfupa inayokua kisiginoni huvutwa na kano. Punguza michezo, nyoosha vigimbi, weka pedi laini ya kisigino. Huisha mfupa ukikomaa na hauachi madhara. Mtoto anayechechemea pamoja na homa, au anayeamshwa na maumivu usiku, apelekwe hospitali.

Mwanangu ana unyayo bapa.

Kwa mtoto mdogo ni kawaida. Akisimama kwa vidole na upinde ukaonekana, na haumwi, hahitaji viatu maalumu. Kwa mtu mzima ambaye upinde wa mguu mmoja umeanza kuporomoka na ndani ya kifundo panauma, hiyo si kawaida. Kano inachoka na inahitaji kutibiwa mapema.

Nina mimba, miguu inavimba na kuuma.

Uvimbe wa jioni unaopungua ukilala ni wa kawaida. Ukivimba uso na mikono ghafla, ukaumwa kichwa sana au ukaona maluweluwe, nenda ukapime presha mara moja. Ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe, hasa kuanzia wiki ya 20, isipokuwa daktari ameagiza. Kwa uvimbe wa mguu mmoja tu, soma jibu la wakati wa kutosubiri nyumbani.

## Kuwaka, ganzi na kisukari

Nyayo zinawaka moto usiku. Nina kisukari?

Pima sukari, ndiyo, lakini usiishie hapo. Neva za miguu huharibiwa pia na pombe, upungufu wa vitamini B12, VVU, figo na tezi ya shingo. Isoniazidi ya kifua kikuu inaweza kusababisha hali hii, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Metformini ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha B12. Dawa za kawaida za maumivu hazisaidii sana hapa. Daktari huweza kuandika amitriptilini, duloksetini au gabapentini.

Kigimbi kinauma nikitembea, kinapoa nikisimama.

Hiyo inaweza kuwa mishipa ya damu iliyoziba, hasa kwa mvutaji wa sigara. Ikifika hatua ya wayo kuuma usiku hadi uuning'inize nje ya kitanda ndipo upate nafuu, damu haifiki vya kutosha na hali ni ya haraka.

Nina kisukari na miguu hainiumi. Kuna haja ya kuiangalia?

Ndiyo, kila siku. Maumivu yaliyopotea ni ya kuogopwa kuliko yaliyopo. Tumia kioo kuona chini ya wayo, angalia kati ya vidole, ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, usitembee peku hata ndani ya nyumba, na pima joto la maji ya kuoga kwa kiwiko. Paka mafuta juu na chini, si kati ya vidole. Angalau mara moja kwa mwaka mhudumu aguse nyayo zako kwa uzi maalumu wa kupima hisia na atafute mapigo ya damu.

Wayo umevimba, una joto na wekundu, lakini hauumi sana na hauna kidonda. Nina kisukari cha miaka mingi.

Acha kuukanyagia sasa hivi na uende hospitali leo. Inawezekana ni wayo wa Charcot: mifupa inavunjika na viungo vinateguka bila mwenyewe kuhisi kwa sababu neva zimekufa ganzi. Hudhaniwa kuwa jongo, kuteguka au maambukizi, na eksirei ya mwanzo inaweza kuwa safi. Tiba ni kuukinga wayo kwa hogo au buti maalumu kwa miezi, mpaka joto la mguu huo lilingane na la mwenzake. Mtu akimwambia mwenye kisukari aendelee kutembea kwa kuwa hakuna maumivu, mgonjwa atafute maoni ya pili.